Gari Lililoundwa Lifunguliwe

Wapo wanaonunua Peugeot 504 leo kwa sababu babu alikuwa nayo, au mwalimu mkuu wa shule yao, au kwa sababu walisafiri utotoni katika siti ya nyuma kabisa ya ile stesheni wagon ya safu tatu, magoti yakikaribia kidevu. Kumbukumbu hutosha kumfanya mtu anunue. Anayeendelea kulitunza gari hilo miaka nenda miaka rudi ni yule aliyefungua boneti akapenda alichokiona.

Na kuna cha kupenda. Injini yake ya silinda 4 imelazwa upande, na kuizunguka pana nafasi ya kupitisha mkono ulioshika spana. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya alumini. Slivu za silinda ni vipande vya peke yake, vimezungukwa na maji: zikichakaa, unazichomoa na kutia mpya pamoja na pistoni na ringi zake, wala hupeleki bloku kuchongwa. Walioichora injini hii walijua kwamba siku moja mtu aliye mbali sana na kiwanda ataifungua, na walimwandalia kazi yake. Mimi huihesabu hiyo kuwa heshima kubwa.

Gari lilizinduliwa mwaka 1968. Huku kwetu jina la Peugeot lilikuwa tayari limejengwa na 404, ambayo Bert Shankland wa Tanzania alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Ove Andersson akaja kushinda na 504 mwaka 1975. Kwa vile magari haya yaliunganishwa pia Mombasa, spea bado hupatikana kwa mwenye subira ya kuzunguka Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wakongwe wangali wanakuita Grogan.

Kazi ya kwanza ambayo ningependa kila mmiliki aifanye kwa mkono wake ni kurekebisha pointi za distribyuta. Zungusha injini taratibu hadi kamu ifungue pointi kikomo, kisha pitisha katikati yake kibati cha kupimia chenye unene wa milimita 0.4. Kipite kwa kusuguana kidogo tu. Pengo likizidi, koili haipati muda wa kujaa kabla ya kutoa cheche. Likipungua, pointi huungua. Ukibadilisha pengo umebadilisha pia wakati wa cheche, kwa hiyo taimingi nayo ikaguliwe. Ukishamaliza, washa injini usikilize ikinguruma bila kukohoa. Unene wa kibati kile umegeuka kuwa sauti, na sikio lako halitausahau.

Baada ya hapo ndipo mtu aanze kufikiria kuliboresha gari. Chukua taa za mbele. Katika magari mengi ya umri huu, umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya usukani na nyaya ndefu, nyembamba, zilizochoka. Unapofika kwenye balbu umepungua, na barabara inaonekana ya manjano hafifu. Wengi hukimbilia balbu za wati nyingi, na swichi inayeyuka. Dawa ni relei mbili karibu na betri, waya mnene na fyuzi yake. Swichi ya zamani inabaki na kazi ndogo ya kuiamuru relei. Waya wa awali usikatwe: uchomekwe kwenye relei, ili anayetaka kurudisha mfumo wa mwanzo aweze kuurudisha kwa saa moja. Hicho ndicho kipimo changu cha boresho lolote: fundi ajaye aweze kulielewa, na akitaka, kulitoa.

Kwa kipimo hicho, injini ya Kijapani iliyopandikizwa ndani ya 504 haipiti. Aliyeifunga kwa ajili ya biashara simlaumu. Gari lake lazima litembee kesho asubuhi. Lakini kwa anayelitunza kwa mapenzi, hasara ni kubwa. Sakafu imekatwa, vishikizo vimechomelewa upya, geji ya joto imekufa, na bomba linalounganisha giaboksi na difu limevurugwa. Njia ya kurudi imefungwa.

Kutu ni vita vingine, hasa Pwani, nayo haihitaji falsafa: kwangua hadi chuma kizima, chomelea bati jipya, paka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje.

Muhimu zaidi, gari liwe na daftari lake ndani ya dashibodi. Andika waya wa relei umepita wapi na fyuzi ni ya ampea ngapi. Andika slivu ziliingizwa gari likiwa na kilomita ngapi, na hedi ilikazwa kwa mfuatano upi. Chora pale maneno yasipotosha. Tumia penseli, kwa sababu petroli ikimwagika wino hutapakaa.