Ndugu Wanaoshindana Katika Njia Moja: Siri ya BSD

Msafiri aliyefika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, katika karne ya 19, aliikuta njia kuu itokayo Bagamoyo ikigawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likipanda Karagwe hadi Buganda. Na misafara ya Wanyamwezi na ya watu wa pwani, ingawa ilishindania pembe za ndovu, ilitegemea njia zile zile, maji yale yale na desturi zile zile za upagazi. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, njia ya Ujiji ikazibwa, na hasara ikawafikia hata wasiokuwamo katika ugomvi.

Kwa mizani hiyo twaweza kuipima nasaba ya mifumo endeshi huria iliyotokana na BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley: NetBSD na FreeBSD, zilizozaliwa mwaka 1993, na OpenBSD, iliyojitenga na NetBSD mwaka 1995 baada ya Theo de Raadt kunyimwa idhini ya kuandika katika hazina ya mradi ambao yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Ugomvi ulikuwa mkali, lakini njia haikuzibika, kwa kuwa leseni ya BSD humruhusu yeyote, hata hasimu, kuuchukua msimbo na kuubadili apendavyo, madhali amehifadhi jina la mwenye hakimiliki na masharti yake. Wahandisi waliofundishwa kuendesha seva za FreeBSD katika mafunzo ya AfNOG, kikundi cha waendesha mitandao wa Afrika, jijini Nairobi mwaka 2006, walikuwa wakiwasha huduma kwa hati za rc.d zilizotoka NetBSD, na kuingia kutoka mbali kwa OpenSSH, iliyotungwa na watu wa OpenBSD mwaka 1999.

Hata hivyo, ruhusa ya leseni peke yake haitoshi. Mwaka 2001, kufuatia mzozo juu ya leseni ya IPFilter, programu ya kuchuja pakiti za mtandao waliyokuwa wakiitumia, OpenBSD waliandika pf kuchukua nafasi yake, na FreeBSD wakaipokea. Kisha OpenBSD wakabadili lugha ya kanuni zake katika toleo la 4.7 la mwaka 2010, ilhali FreeBSD, waliotaka ifanye kazi juu ya vichakataji vingi kwa wakati mmoja, waliifumua upya katika toleo la 10 la mwaka 2014. Tangu hapo, marekebisho ya upande mmoja humtaka mtu mwenye subira ayasome, ayageuze na kuyajaribu kabla hayajafaa upande wa pili. OpenSSH imesalimika na taabu hiyo kwa sababu waandishi wake huitunga kwanza kwa ajili ya OpenBSD, kisha, kila toleo, huandaliwa nakala maalumu iwezayo kuhamia mifumo mingine, hata tofauti hazipati nafasi ya kulimbikizana.

Kwa hiyo anayeanzisha mradi wa programu huria katika nchi zetu, akitumaini kwamba wengine watarithi kazi yake, achague leseni iliyo wazi, na siku hiyo hiyo amteue mtu wa kuihamishia kazi hiyo mifumo mingine.