Nani Anaosha Kikombe Angani?

Ukitaka kuujua uchumi wa mtaa wowote wa Nairobi, usianze na hotuba ya bajeti. Ingia dukani uone mafuta ya kupikia yanauzwaje. Yakiuzwa kwa mtungi wa lita 5, wateja wa hapo wanalipwa mwisho wa mwezi. Yakipimwa ya shilingi 20, uko kwa uchumi wa kadogo: pesa ya leo inanunua chakula cha leo, na kesho itajijua. Na anayenunua kadogo kadogo ndiye mara nyingi anayelipa zaidi kwa kila lita. Hayo yote yamo ndani ya kipimo kimoja cha mafuta.

Hivyo ndivyo ninavyosoma hadithi za anga za mbali. Mwandishi anaweza kunipa himaya ya sayari chungu nzima, meli zinazoipita kasi ya mwanga na sarafu yenye jina gumu. Poa. Lakini mimi naelekea jikoni moja kwa moja. Nachukua kitu kidogo, kikombe ama nguo ya kulalia ama majani chai, halafu nauliza maswali mawili: kimetengenezwa na nani, na kikichafuka nani anakiosha? Taifa la kubuni lisiloweza kujibu maswali hayo halina uchumi. Lina mapambo tu.

Tuanze na kikombe, kwa sababu kikombe maarufu zaidi angani ni cha Kapteni Picard wa Star Trek: The Next Generation, iliyoanza 1987. Anaiambia mashine ya ukutani, riplikata, kwamba anataka chai, na chai inatokea ikiwa tayari ndani ya kikombe. Akimaliza, kikombe kinarudishwa kwenye mashine na kinapotea. Hakuna sinki wala sufuria iliyoungua. Shirikisho la Sayari linasema limeachana na pesa, na kikombe hiki ndicho ushahidi wake mkubwa: kama kila kitu kinapatikana bure, utauza nini na umuuzie nani?

Inavutia, hadi uangalie kinachotokea mambo yakibana. Kwenye Star Trek: Voyager ya 1995, meli imepotea mbali na nyumbani na nishati ni haba. Mara moja riplikata inawekewa mgao. Neelix anafungua jikoni na kuanza kupika kwa sufuria kama sisi wengine, na haichukui muda kabla ya Tom Paris kuanzisha mchezo wa kamari ambamo watu wanawekeana dau la mgao wao. Yaani pesa imerudi, imebadilisha jina tu. Hapo waandishi wamekiri, labda bila kukusudia, kwamba usawa wa Shirikisho haukutoka kwenye maadili peke yake. Ulisimama juu ya stima ya kutosha.

Halafu kuna mkahawa wa mzee Joseph Sisko kule New Orleans, kwenye Deep Space Nine. Mashine inaweza kutoa chakula chochote, lakini yeye anapika kwa mikono na watu wanajaa. Sawa, anapika kwa sababu anapenda, na namwamini. Ila kuna watu wanaobeba sahani na kufuta meza. Wao je, pia ni kipaji? Katika dunia isiyo na mshahara, nani anaamka asubuhi na hamu ya kusugua sakafu ya mkahawa wa mtu mwingine? Star Trek haijibu. Inampa heshima anayepika na kumsahau anayeosha.

Ursula K. Le Guin hasahau. Riwaya yake The Dispossessed ya 1974 ina dunia mbili zinazoangaliana, kila moja ikiwa mwezi wa mwenzake. Urras ni tajiri. Anarres ni kame, na waliohamia huko wanaishi bila serikali na bila mali ya mtu binafsi. Shevek, mwanafizikia wa Anarres, anapanda meli kwenda Urras, na somo lake la kwanza la uchumi linatoka kwenye nguo za kulalia. Amepewa nguo, amezivaa, kisha zimechomwa. Anashangaa. Daktari wa meli anamweleza kwamba ni nguo za bei ya chini, kuzitupa ni rahisi kuliko kuzifua.

Msomaji wa Nairobi hawezi kupita hapo haraka. Sisi tunajua nguo zinazotupwa ng'ambo huishia wapi: zinafungwa belo, zinafika Gikomba, na kabla jua halijachomoza wenye macho makali washachagua za kamera. Nguo iliyokuwa takataka kwa mmoja ni ada ya shule kwa mwingine. Na anayesema kufua ni ghali hajawahi kuelewana bei na mama fua. Kufua huwa ghali pale ambapo mikono ina bei. Kwetu mikono ni ya bei nafuu, kwa hivyo shati lile lile linaishi maisha matatu. Sentensi moja ya daktari, na Le Guin ameonyesha pande mbili za soko ambazo hotuba nzima ya kisiasa isingeonyesha.

Baadaye Shevek anapelekwa kununua vitu kwenye barabara ya maduka ya kifahari. Anaona koti la manyoya la bei ya 8,400, ilhali amesoma gazetini kwamba mtu wa kawaida anaweza kuishi kwa 2,000 hivi kwa mwaka. Lakini kinachomtisha zaidi si bei. Ni kwamba barabara nzima ina wauzaji na wanunuzi peke yao. Waliotengeneza vitu hivyo hawaonekani popote.

Sifa kubwa ya Le Guin ni kwamba hata upande anaoupenda anaupima kwa mizani ile ile. Anarres, mtoto mdogo hasemi kitambaa ni changu, anasema ni kile anachotumia. Mimi husoma hapo nikitabasamu, kwa sababu Kiswahili nacho kwa kawaida hakimiliki kitu kwa kitenzi. Tunasema nina kitambaa, na mtaani tunasema niko na kitambaa: mimi na hicho kitu tuko pamoja kwa sasa, basi. Lakini Kiswahili hakikutuzuia kunyang'anyana mashamba, na lugha ya Anarres haiwazuii watu wake kupata tabaka. Shevek anapohamia taasisi ya wanasayansi mjini, anagundua kantini yao hutoa kitu kitamu baada ya chakula karibu kila jioni. Kwingine ni mara chache. Dhamira inamsumbua, na ina haki. Bakuli moja la kitu kitamu limefichua kwamba usawa umeanza kuvuja.

Kitabu ninachokiweka juu ya vyote katika jambo hili ni Ancillary Sword cha Ann Leckie, cha 2014, cha pili katika trilojia yake ya himaya ya Radch. Trilojia hiyo ilipata umaarufu hasa kwa kiwakilishi: lugha ya Radch haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hivyo Leckie anawaita wote kwa kiwakilishi cha kike cha Kiingereza. Wakosoaji wameandika mengi juu ya hilo. Kwangu mimi halikuwa la kushangaza sana. Yeye ni yeye. Kwa mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili, kioja hicho kinapungua nguvu na macho yanabaki huru kuona kitu kingine, nacho ni chai.

Radch bila chai hakuna ustaarabu. Cheo chako kinaonekana kwenye bakuli unalonywea, na msaidizi wa kapteni anajua ni seti gani ya vyombo itamheshimu mgeni na ipi itamdharau bila neno kusemwa. Kisha hadithi inashuka kwenye sayari ya Athoek, na tunafika shambani. Wachumaji ni watu waliohamishwa kutoka sayari iliyotekwa. Mashine zingeweza kuchuma, lakini chai iliyochumwa kwa mkono inauzwa kama anasa. Wachumaji wana deni kwa mwenye shamba ambalo haliishi.

Soma hayo ukiwa na Kericho kichwani. Ardhi ya mashamba makubwa ilichukuliwa enzi za ukoloni kutoka kwa Wakipsigis na Watalai, na mwaka wa 2023 mashine za kuchuma majani zilichomwa moto kwa sababu zilikuwa zinamaliza kazi za watu. Athoek mkono umebakizwa ili chai iwe ghali, Kericho mkono unaondolewa ili chai iwe rahisi. Inaonekana kama kinyume, lakini mchumaji haulizwi huku wala kule. Leckie ameelewa kwamba swali si mashine ama mkono. Swali ni nani anaamua.

Kwetu, aliyeelewa hivyo mapema ni Wanuri Kahiu. Filamu yake fupi Pumzi, ya 2009, haitoki hata duniani, lakini uchumi wake unasomeka kwenye chupa. Maji ni ya mgao, jasho na mkojo husafishwa vikanyweka tena, umeme unatoka kwenye miguu ya watu wanaofanya mazoezi. Na kule msalani kuna mwanamke anayesafisha. Ndiye anayemsaidia Asha kutoroka.

Siku hizi tunaandika hadithi nyingi za anga, na nafurahi. Ila nyingi ninazosoma zina roketi iliyopewa jina la shujaa wa zamani na hazina jiko. Wahusika hawali, ama wanakula na sahani zinajiosha. Sisi tunaotoka mahali ambapo majani ya chai huchumwa na nguo kuukuu hufika hatuna sababu ya kuandika kama Picard. Nikisoma hadithi yako, nionyeshe meli, nitapanda. Lakini ukurasa wa pili hivi, nitauliza karai liko wapi.