Ukoo na dini: jamaa ya Carroll wa Maryland

Wasomaji wengine watatuuliza: mapadri na makatekista wa kwetu wana faida gani na ukoo wa matajiri wa Marekani? Tunajibu upesi: kitabu cha Ronald Hoffman, Princes of Ireland, Planters of Maryland, kilichochapwa mwaka 2000, kinaonyesha ginsi dini inavyopita kwa njia ya damu, ya ndoa na ya mashamba, tena si kila mara kwa njia safi.

Wazee wa ukoo huu walikuwa mabwana wa inchi ndogo katika Irlandi, na Waingereza waliwanyang'anya mashamba. Mwaka 1688 mmoja wao, Charles, alifika Maryland kuwa mwanasheria mkubwa wa Lord Baltimore, mwenye koloni ile. Alikuwa amebadili neno la ukoo wake, akaweka la Kilatini lenye maana hii: popote, kama kuna uhuru. Mwaka uliofuata tu Waprotestanti wakapindua serikali, kazi yake ikakwisha. Kisha sheria zikafuatana: 1704 Misa ilikatazwa mbele ya watu wote, 1718 Wakatoliki walinyimwa kura, 1756 mashamba yao yalitozwa kodi maradufu. Basi Misa ilisomwa nyumbani mwa wenye mashamba. Ndiyo sababu hatuwezi kuandika historia ya Eklezia ya kule bila kuuliza nani alimwoa binti wa nani.

Hapo wengi wanakosea. Wanadhani John Carroll, askofu wa kwanza wa Baltimore (1789), na Charles Carroll wa Carrollton, Mkatoliki peke yake aliyetia sahihi Tangazo la Uhuru mwaka 1776, walikuwa ndugu wa karibu upande wa baba. Sivyo. Ujamaa ulio wazi unapita kwa ukoo wa Darnall: Eleanor, mama yake askofu, na baba yake Charles walikuwa watoto wa kaka na dada.

Mwandishi hafichi aibu, na katika hili tunamsifu. Matayo naye hakuwaficha Tamari na Rahabu. Charles alizaliwa 1737, lakini wazazi wake walioana 1757 tu, wakati yeye alipokuwa mbali, akisoma katika Ufaransa. Hoffman anaeleza kwamba baba alitaka kwanza kuona kama mwana atastahili urithi. Maelezo haya yana nguvu, lakini yanamtazama baba kupita mama, Elizabeth Brooke. Na sisi tunaoketi kila juma kusikiliza mashauri ya ndoa tungependa kuuliza zaidi: padri aliyefika nyumba ile kusoma Misa alisema nini miaka ishirini hiyo?

Kurasa nzito kuliko zote ni za watumwa. Jamaa hii ilikuwa nao kupita mia tatu. Mwishoni mwa 1773 wale wa shamba la Doohoregan waliandikwa jamaa kwa jamaa, pamoja na miaka yao. Bwana aliandika ili ahesabu mali yake. Lakini orodha ile ni ukoo vile vile, yenye nyanya, binti na mjukuu. Tunawashauri waseminari waanze kusoma hapo, kisha warudi kwenye neno lile la uhuru.

Upungufu mkubwa wa kitabu ni kusimama mwaka 1782. Kazi yote ya Askofu John inabaki nje. Hata kifo cha Charles, 1832, kiko nje. Alikuwa wa mwisho kati ya waliotia sahihi, tena mwenye watumwa bado. Mwaka 1838 Wayezuiti wa Maryland waliuza watu 272 ili wapelekwe Louisiana, na sehemu ya fedha ilipunguza madeni ya chuo cha Georgetown, alichokianzisha Askofu John. Wazao wa watu hao wanatafuta babu zao leo. Wengine wamewapata katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia, mahali padri alipoandika jina la mtoto na jina la mama yake.