Foleni Iliyokatwa Njiani

Kosa lilifanyika mchana wa saa nane, na lilifanywa na kamati yenyewe ya harambee ya uwanja wa watoto, katika kijiji cha pwani ya Kenya. Foleni ya wanakijiji ilikuwa bado inapinda nyuma ya mkwaju, kila mtu na bahasha yake, mshereheshaji alipoagizwa aisimamishe ili mgeni rasmi aseme neno kwa kuwa ana safari nyingine. Waliokuwepo wanajua kilichofuata, na walioitazama video iliyozunguka kwenye simu za wadi nzima wanajua pia: hotuba, ahadi, vigelegele, jumla ikatangazwa, sufuria za pilau zikafunuliwa. Foleni haikurudi tena. Uwanja wa kuchezea watoto ulikwama pale pale, ingawa kamati ilikuja kugundua miezi baadaye, fundi alipodai salio lake.

Irudie video hiyo na utazame upande wa kushoto wa meza ya mweka hazina. Yupo bibi mmoja, mtu wa nne kutoka mbele. Amefungua pindo la leso yake na anahesabu noti za mia na sarafu kadhaa, anazipanga kiganjani zisimchanganye akifika mezani. Kipaza sauti kinapolia anasita, anatazama jukwaani, anazirudisha, analikaza fundo kwa meno na kwenda kukaa. Nyuma yake wanamfuata wengine, mmoja mmoja. Hakuna mwanakamati hata mmoja anayewainukia.

Mtu yeyote aliyewahi kuendesha harambee ataumia roho akiiona sehemu hiyo. Mchango wa kijijini hutoka mtu akiwa amesimama, jirani anamwona, jina linasomwa na kiasi kinatajwa. Pesa iliyorudi kwenye fundo la leso usiku huo hugeuka unga, kesho yake nauli ya kliniki. Wala mwenyewe halaumiki. Tena foleni ina mpandio wake. Wazee hufungua, familia hufuata, kisha vikundi, na hapo ndipo mtaa wa juu ukitoa, mtaa wa chini haukubali kuachwa. Kwa ratiba iliyokuwa imebandikwa, waliobaki siku ile ni chama cha akina mama, waendesha bodaboda, wavuvi na walimu, yaani wenye mfuko. Kuku wawili na mkungu wa ndizi wa mnada walikuwa kando ya jukwaa, na wala hawakunadiwa. Kamati ilikata foleni pale ambapo ilikuwa inaanza kupanda.

Na hata kama ingeirudisha baada ya hotuba, ingekuwa imeshaua nguvu yake. Mgeni akishataja kiasi kikubwa kuliko kijiji kizima kilichoweka mezani, nani atasimama tena na shilingi mia mbili? Mtu huona mchango wake umekuwa wa bure. Ndiyo maana wazoefu humweka mgeni rasmi mwishoni kabisa, akifunga hesabu ambayo wenyeji wameshaijaza, au humpa bahasha kama wengine na kumwomba apange mstari.

Sasa itazamwe ahadi yenyewe ya mgeni. Ilikuwa na vipande viwili: sehemu kutoka mfukoni mwake, na sehemu kubwa zaidi ambayo kaunti "itaingiza." Kipande cha pili hakikustahili kuandikwa kwenye daftari la michango hata kwa penseli. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio yawe yamefikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Harambee hii ilifanyika Agosti. Bajeti ilikuwa imeshapita, na mlango uliobaki ni bajeti ya nyongeza, ambayo mtu mmoja hawezi kuiahidi chini ya mkwaju. Zaidi ya hapo, pesa hiyo ni ya kodi. Mwananchi hawezi kuchangiwa kwa pesa yake mwenyewe kisha apige vigelegele.

Mweka hazina aliijumlisha yote, vipande viwili vya ahadi pamoja na taslimu, na jumla moja ikasomwa. Hapa safu hii inarudi kwenye kilio chake cha siku zote: ahadi na taslimu zisomwe kwa mistari miwili, kwa sauti, na asiyetaka asialikwe. Kamati iliamini jumla yake. Ikaenda kwa fundi wa kuchomelea mjini, ikaagiza bembea sita, mteremko mrefu na ngazi ya mnyororo, na ikalipa amana kwa kipimo cha pesa ambayo haikuwapo.

Ugonjwa huu wa kumtegemea mgeni rasmi una historia. Jomo Kenyatta alipoinua wito wa Harambee mwaka 1963, ulikuwa wito wa mikono na jembe kabla ya kuwa wa bahasha. Shule na zahanati zikajengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani. Baadaye meza kuu ikaimeza foleni. Machifu wakaanza kuzunguka na kadi, mtu anahudumiwa ofisini baada ya kukatwa mchango, na wanasiasa wakagundua kwamba jukwaa la harambee ni jukwaa la kura. Utafiti wa tawi la Kenya la Transparency International wa mwaka 2001 ulionyesha michango ikipanda uchaguzi ulipokaribia. Mwaka 2003 jopo lililoongozwa na Koigi wa Wamwere lilichunguza uoza huo, na mwaka huo huo Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ikamkataza afisa kutumia cheo chake kuchangisha harambee. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Kamati ya kijiji hiki iliyajua yote hayo. Ikaandika barua ya mwaliko hata hivyo, na ikaweka kiti chenye kitambaa cheupe.

Wanaodhani haiwezekani bila kiti hicho wawakumbuke akina mama wa mabati wa Nyeri na majirani zake katika miaka ya 1960 na 1970. Hawakuwa na mgeni rasmi. Walitaka kuondoa nyasi juu ya nyumba zao, basi wakajipanga katika vikundi, kila mmoja akitoa kiasi kile kile kwenye kila mkutano, na walipopungukiwa walikodisha nguvu zao kulima mashamba ya watu. Pesa ikitosha, bati zinanunuliwa, nyumba ya mmoja inaezekwa, zamu inahamia kwa mwingine. Kilichoahidiwa na kilichowekwa mezani vilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeagiza bati ambazo hazijalipiwa. Kwa utaratibu, harambee nyingi za leo haziwafikii wanawake wale hata magotini.

Na pwani kwenyewe hakukosekani mfano. Gazi na Makongeni, Kwale, tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Pesa inapoingia, wanakijiji hukaa na kuamua itumike wapi, na imeshaleta maji na vitabu vya shule. Mpangilio ni huo huo wa akina mama wa mabati: pesa kwanza, mkutano baadaye, ununuzi mwisho.

Kwa haki, kamati ilifanya mengine mengi vizuri: akaunti ya saini tatu, namba ya Paybill kwa walio mbali, barua ya makubaliano ya ardhi na orodha iliyobandikwa kwa chifu.

Uwanja wenyewe unastahili kupiganiwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ambao kifungu chake cha 31 kinataja haki ya kucheza, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitaja pia. Watoto wa kijiji hiki wanacheza kando ya barabara ya malori. Hilo ndilo lililowatoa watu majumbani siku ile, na ndilo linalofanya uamuzi wa saa nane uwe mzito kuliko kosa la ratiba.

Kinachowezekana sasa ni kidogo lakini ni cha kweli. Kamati imwendee fundi, ipunguze oda iwe fremu moja ya bembea mbili, na amana iliyokwisha kulipwa ihesabiwe humo. Matairi chakavu ya malori yakizikwa nusu ni ya kurukia na kupandia, na hayana bei kubwa. Mchanga uwekwe chini ya bembea kwa kina cha sentimita 30 hivi, kwa sababu mtoto ataanguka. Mabomba yawe ya kupakwa zinki na minyororo pia. Hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida haraka, na bembea iliyokatika mnyororo ni hatari kuliko uwanja mtupu. Desemba wenyeji wanaoishi Mombasa na Nairobi wakirudi likizo, vikundi vinne ambavyo havikuitwa viitwe kwanza, na kila shilingi iandikwe ikiwa tayari mezani. Sehemu ya mkusanyo huo itengwe mapema kwa grisi, kokwa na minyororo ya akiba, maana bajeti iliyosomwa siku ile haikuwa na hata mstari mmoja wa matengenezo.