Glukosi Ilivyopimwa kwa Nuru Iliyotawanyika

Tangu C. V. Raman na K. S. Krishnan walipobainisha huko Calcutta, mwaka 1928, kwamba nuru ikitawanyika ndani ya kitu, sehemu yake ndogo mno hutoka na rangi iliyobadilika kwa kadiri ya mtikisiko wa molekuli iliyokutana nayo, ilikuwa dhahiri kuwa kila molekuli inayo alama yake mahsusi. Lakini kutambua molekuli ni jambo moja, na kujua kiasi chake katika damu ya mwanadamu ni jambo jingine, nalo hili la pili ndilo walilolishughulikia Michael Feld na wenzake wa MIT, Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999.

Hila yao ya kwanza ilikuwa katika kuchagua nuru. Buluu na kijani hutawanyika kwa nguvu zaidi, na mwenye pupa angezishika hizo. Lakini vitu vya mwili vikipigwa nazo aghalabu hutoa mng'ao wao wenyewe, ukaifunika ishara yote. Basi wakatwaa leza ya nanomita 830, iliyo nje kidogo ya upeo wa macho upande wa nyekundu, wakaridhia ishara dhaifu ili waipate safi. Maji nayo, ambayo katika vipimo vya infraredi ni adui mkubwa, hapa hutawanya kwa unyonge, akasalimika mpimaji.

Ugumu hasa ulikuwa mbele. Lita moja ya seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli, ya mtu mwenye afya huchukua takriban gramu 70 za protini, na glukosi gramu moja hivi. Hata spektra, yaani mchoro wa rangi za nuru iliyotawanyika, iliyokusanywa kwa sekunde 60 huonekana kuwa ya protini tupu, na mwenye kuitafuta glukosi humo kwa kutazama kilele kimoja ni kama atakaye kupima iliki katika pilau iliyokwisha kuiva. Wao walichukua seramu za wagonjwa 66, zilizopimwa pia kwa njia ya kawaida ya maabara, wakaiachia hesabu itafute, katika spektra nzima, umbo lile lipandalo na kushuka pamoja na kipimo; kisha, na hapa ndipo ninapowasifu, wakaijaribu kwa mgonjwa ambaye hakuwamo katika kuitunga. Hesabu ya namna hii ni hodari wa kukariri. Tena ala huhama pole pole, na vipimo vikipangwa bila hadhari, hesabu itapima tarehe nasi tukadhani imepima sukari. Hesabu yao ilisimama kwa majuma saba ala ikihama, na hilo ni ithibati nzito kuliko usahihi wa siku moja.

Vitu sita vilipimika katika seramu, glukosi, kolesteroli na yurea vikiwamo. Katika damu nzima, ambamo seli nyekundu huitawanya nuru huku na huku na himoglobini huimeza, walipata baadhi yake tu, pamoja na kiwango cha seli zenyewe, nao hawakudai kwamba uchambuzi huo ulikuwa zaidi ya hatua ya awali.