Vitabu Vilivyopotewa na Majina: Ushahidi wa Kumbukumbu katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kwenda kwa majina ya waandishi. Shaaban Robert hahitaji kutambulishwa, na Kusadikika na Adili na Nduguze havikosi kutajwa panapofundishwa fasihi. Lakini nyuma ya vitabu vya namna hiyo liko kundi jingine kubwa ambalo wahakiki hulipita bila kuligusa: vitabu vya kusomea shuleni, tafsiri zilizofupishwa, na hadithi zilizotoka katika magazeti na katika matbaa za misheni. Watu wazima wa Mbeya na Iringa huvikumbuka vitabu hivyo nusunusu. Ukiwauliza jina la kitabu hawalijui, na jina la mwandishi ndiyo kabisa. Lakini watakusimulia safari ya mashua, au hila ya mjanja fulani, na pengine watatamka neno moja au mawili kama yalivyokuwa yameandikwa. Wengi wao wamevitafuta vitabu hivyo wasivipate.

Kushindwa huko aghalabu hudhaniwa kuwa ni udhaifu wa kumbukumbu. Ukweli ni kwamba kosa liko zaidi katika namna ya kuuliza. Orodha ya maktaba hutaka mambo manne: jina la kitabu, mwandishi, mchapaji na mwaka. Mambo hayo yote hukaa katika jalada na katika ukurasa wa kwanza, na katika shule za Tanganyika, na baadaye Tanzania, kurasa hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kuchanika. Kitabu kimoja kilipita mikononi mwa watoto wengi, mwaka hata mwaka. Ilipofika 1977, elimu ya msingi ikawa haki ya watoto wote, wasomaji wakazidi vitabu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 kwa miti ya msitu wa Sao Hill. Hata hivyo katika miaka hiyohiyo, na katika mkoa huohuo wa Iringa, watoto walisoma vitabu visivyo na mwanzo wala mwisho. Kilichobaki mkononi ni kurasa za katikati, na za katikati ndizo zilizobaki akilini. Basi mtafutaji na orodha hawakutani, kwa kuwa yeye anacho kile ambacho orodha haikiulizi.

Jambo hili lina uzito katika Nyanda za Juu Kusini kuliko pwani. Mtoto wa Unguja au Pangani alikutana na kitabu akiwa na Kiswahili chake tayari. Mtoto wa Tukuyu, Njombe au Kalenga, katika zama za ukoloni, alitoka nyumbani na Kinyakyusa, Kibena au Kihehe. Kiswahili cha njiani kilikuwapo, cha machimbo ya dhahabu ya Lupa na cha mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe. Lakini Kiswahili Sanifu alikipata shuleni, na shuleni alikipata kitabuni. Lugha hiyo yenyewe ilikuwa changa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Mwaka uleule wa 1928 ilifunguliwa shule ya Malangali, mkoani Iringa. Vitabu vilivyofika katika shule kama hiyo ndivyo vilivyokuwa, kwa msomaji wake, Kiswahili chenyewe. Anayetaka kujua Kiswahili cha nyanda hizo kilitoka wapi, hana budi kujua ni vitabu gani vilisomwa huko.

Vifaa vya utafutaji vilivyopo vina faida, na vina mpaka. Bibliografia ya Marcel van Spaandonck, iliyochapwa Leiden mwaka 1965, ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na hakuna mtafiti awezaye kuiacha. Walakini humsaidia yule ambaye tayari anajua anachokitafuta. Kazi ya Elena Bertoncini juu ya fasihi ya Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, imewafaa sana wanafunzi wa riwaya na tamthilia. Nayo, kwa haki yake, inashughulika na fasihi yenye waandishi. Kitabu cha kusomea cha darasa la tatu hakimo katika shabaha yake. Hivyo ndivyo mfululizo kama Tujifunze Lugha Yetu, ambao umesomwa na watoto wa Tanzania wengi kuliko riwaya yoyote, unavyobaki nje ya mlango wa uhakiki.

Basi mtafutaji ashike nini? Wengi hushika kisa, na hapo hupotea. Kisa hakitambulishi kitabu. Chukua kile cha Abunuwasi, aliyeazima sufuria, akairudisha na ndogo yake akisema imezaa, na siku nyingine akadai kwamba sufuria imekufa. Kisa hicho husimuliwa kwa mdomo na pia huonekana kitabuni, na nchi nyingine za Waislamu huwasimulia watu wengine wajanja kwa kisa hichohicho. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Masufuria si yake. Mtu wa Rungwe aliyekisoma kisa hicho kwa Kiswahili na kukisimulia nyumbani kwa Kinyakyusa, anaweza baada ya miaka hamsini kuapa kwamba alikipata kwa bibi yake. Hasemi uongo, maana kisa kimekwisha kuwa cha bibi.

Kinachotambulisha kitabu ni maneno. Na katika maneno, yaliyo bora ni yale ambayo mtoto hakuyaelewa. Neno linaloeleweka hubadilishwa na mengine ya maana ileile kila kisa kisimuliwapo. Neno lisiloeleweka haliwezi kubadilishwa, hivyo hukaa kama lilivyo. Tafsiri ya Kisiwa chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa kazi ya Johnson na mwenzake. Ni hadithi ya bahari, nayo haisimuliki bila nahodha, nanga na tanga. Kwa mtoto wa pwani maneno hayo ni ya kila siku, wala hayamkai akilini kwa namna ya pekee. Kwa mtoto wa Makete, ambaye hajaiona bahari, nanga ni sauti tupu yenye fahari. Mzee wa milimani anapolitamka neno la baharini lisilo na kazi katika maisha yake, mtafiti asilipite. Huenda hiyo ndiyo alama iliyobaki ya kitabu.

Yapo pia maneno yanayotaja zama. Hadithi ya maisha ya kawaida ambayo watu wake hulipana rupia na heleri ina asili katika enzi ya Wajerumani au karibu nayo, maana shilingi ya Afrika Mashariki iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Anapotajwa Bwana Shauri, tuko katika utawala wa Waingereza. Wanapotajwa mjumbe wa nyumba kumi na kijiji cha ujamaa, hadithi haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1960. Yapasa hapa kuchukua tahadhari mbili. Dinari za hekaya za Baghdad hazisemi lolote juu ya mwaka wa kitabu. Kadhalika, alama hizo huonyesha wakati hadithi ilipotungwa, wala si wakati nakala ilipochapwa. Kitabu cha mwaka 1935 kiliweza kusomwa Iringa miaka thelathini baadaye.

Yuko atakayesema kwamba kumbukumbu huchanganya. Naam, huchanganya, na mahali nayo huyahamisha. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya kitabu cha H. Rider Haggard, ni hadithi ya utajiri uliofichwa nyuma ya milima. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Haitakuwa ajabu msomaji wa huko akiyakumbuka mashimo hayo kuwa ya Chunya. Lakini kosa la namna hiyo nalo ni ushahidi, kwa kuwa laonyesha jinsi hadithi ya kigeni ilivyopokewa na kupewa makazi. Mhakiki asilifute, aliandike kando, kisha atafute shahidi wa pili aliyesoma shule nyingine. Mashahidi hao wakipatana katika kisa, bado hawajathibitisha kitu. Wakipatana katika neno geni, hapo kitabu kimeanza kuonekana.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mwaka 2005 Iringa ilipata chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Mkwawa, ambacho wanafunzi wake ni walimu watarajiwa wanaorudi kwao kila likizo. Kila mmoja akiandika maneno ya wazee watatu waliosoma kabla ya Uhuru, pamoja na jina la shule na miaka waliyosoma, orodha ya namna mpya itakuwa imeanza: orodha inayopangwa kwa maneno, kwa majina ya wahusika na kwa picha zinazokumbukwa, ambayo baadaye italinganishwa na vitabu vilivyomo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika maktaba za misheni. Stoo za shule kongwe nazo zifunguliwe kabla karatasi zake hazijaishia kufungia karanga sokoni.

Mtu aliyekuwa darasa la nne mwaka 1961 sasa amepita umri wa miaka sabini. Vitabu vyenyewe huenda vikangoja rafuni, hata visipoguswa kwa miaka mingine mingi. Mashahidi wake hawatangoja. Na wakiondoka, vitabu hivyo vitabaki na majina yao katika orodha za maktaba, bila mtu wa kueleza ni nani aliyevisoma na ni Kiswahili gani alichokipata humo.