Banda la Kuku na Hesabu ya Ubaoni

Vijitabu vingi vya ufugaji vina sentensi inayofanana: mita moja ya mraba inatosha kuku watano hadi wanane wa kienyeji. Ni sentensi fupi, inayokaririka, na sisi walimu tunaipenda kwa kuwa inazaa maswali mazuri ya hesabu. Mimi nimeifundisha miaka mingi. Leo naihakiki, maana imenigharimu.

Nilipostaafu nilijenga hapa Msata banda la mita nne kwa tatu, nikaliezeka kwa mabati yaliyokusudiwa kubadili paa la nyumba yetu. Mita 12 mara nane ni kuku 96. Nikaingiza 90, nikajiona mwangalifu. Masika ilipofika, kuku wakashinda ndani. Maranda yakalowa, harufu ya kinyesi ikawasha macho, kuku wakaanza kukoroma na kudonoana. Kabla mvua hazijakatika nilikuwa nimezika 37. Mke wangu, aliyekuwa akihamisha ndoo chumbani kila paa lilipovuja, alisema neno moja tu: “Mwalimu, hesabu yako kuku hawajaisoma.”

Kosa la sentensi ile si tarakimu zake. Kosa ni yale inayoyanyamazia. Kwanza, huhesabu sakafu tupu, kana kwamba vyombo vya maji, vihori vya chakula na viota havichukui nafasi. Pili, huhesabu kuku wa leo. Tetea wa kienyeji huatamia mayai kumi au zaidi, na baada ya siku 21 banda lina wageni. Tatu, haiulizi kama kuku wanatoka. Kuku anayeshinda nje akichakura huhitaji banda la kulala tu, na kwake muhimu ni urefu wa fito, yapata sentimita 20 kila mmoja. Siku asipotoka, banda lile lile huwa jela.

La nne ndilo kubwa: nani atafagia? Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zilianzisha miradi, na kizazi changu kilizoea kupima mradi kwa ukubwa wa banda. Tulisahau kuwa shuleni palikuwa na darasa zima la wanafunzi wenye mifagio. Nyumbani kwangu pana mfagio mmoja na mgongo wa mzee.

Mtu atasema: basi jenga kubwa zaidi, kuku wapumue. Ushauri huo una haki yake, kwani msongamano huua. Lakini nafasi tupu humshawishi mfugaji kuijaza. Tena banda pana halizuii mdondo. Kinachozuia ni chanjo. Ile ya matone hutiwa jichoni, kuku mmoja mmoja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Hapo ndipo nilipopata kipimo nilichokikosa ubaoni: kabla ya kushika futi kamba, jiulize unaweza kuwakamata kuku wangapi usiku mmoja, kwa taa moja na msaidizi mmoja, bila kumruka hata mmoja. Kisha jiulize ni wangapi utakaowalisha mwezi ambao pumba imepanda bei. Chukua idadi iliyo ndogo, uwatengee vifaranga nafasi yao, ndipo ugawanye kwa kanuni ya kijitabu, nawe uchukue watano, usichukue wanane.

Kwa kipimo hicho mimi ni mtu wa kuku 25. Sikujua hivyo nilipokuwa na miaka 60. Ningejua, kuku 37 wasingezikwa nyuma ya choo changu.

Nusu ya banda nimeibomoa. Mabati yake manne sasa yako juu ya chumba chetu cha kulala, na ndoo imerudi kisimani.